Kafi, Kasia na Amri ya Kusimama: Istilahi za Mashindano ya Makasia ya Vyuo Vikuu

Madhumuni ya makala haya ni kujadili istilahi za mchezo ambao kwa wasomaji wetu wengi bado ni mgeni, yaani mashindano ya mashua za makasia kama yanavyoendeshwa na klabu za vyuo vikuu. Huenda msomaji akauliza: mchezo wa Waingereza wa mto Thames unatuhusu nini sisi, na hasa unamhusu nini mwalimu wa Shinyanga, mahali ambapo tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria hufika kwa bomba kutoka Ihelele? Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, kanuni na habari za mchezo huu humfikia mfasiri kila Michezo ya Olimpiki inapofanyika, naye hutakiwa kuzieleza kwa Kiswahili. Pili, mwambao wa kusini wa ziwa, kuanzia Mwanza hadi Nungwe, Nkome na Chato katika Mkoa wa Geita, una vijana waliozaliwa mitumbwini. Siku chuo kimoja cha kanda hiyo kitakapotaka kuwafundisha mchezo huu, kitahitaji maneno. Maneno hayo yakichaguliwa ovyo, hasara yake haitaishia kwenye karatasi.

Mchezo wenyewe

Klabu ya makasia ya chuo kikuu ni chama cha wanafunzi wanaojifunza kuendesha mashua nyembamba kwa makasia na kushindana na wenzao wa vyuo vingine. Mashindano yanayojulikana zaidi ni yale ya Chuo Kikuu cha Oxford na Chuo Kikuu cha Cambridge, yaliyoanza mwaka 1829, ambayo kwa desturi hufanyika mjini London katika sehemu ya mto Thames yenye urefu wa kilomita 6.8 hivi. Wanawake wa vyuo hivyo walianza kushindana mwaka 1927, na mwaka 2015 walianza kutumia njia ile ile na siku ile ile ya wanaume. Huko Marekani, vyuo vya Harvard na Yale vilikutana mwaka 1852 katika ziwa Winnipesaukee, na mkutano huo huhesabiwa kuwa mashindano ya kwanza ya michezo baina ya vyuo nchini humo.

Ushindani wa namna hiyo si mgeni Usukumani. Tangu karne ya 19 wacheza ngoma wa huko wamegawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno kila upande hujitahidi kuwavuta watazamaji wengi kuliko mwenzake. Mtu huingia chama, hufuata miiko yake, na hujivunia ushindi wake hata akiwa mzee. Oxford na Cambridge, tukitaka kumweleza kijana wa Maswa au Kahama, ni Bagika na Bagalu wa majini. Tofauti ni kwamba katika ngoma wingi wa watazamaji ndio hukumu, lakini majini hukumu hutolewa na mstari wa mwisho.

Mashua kubwa hubeba wapigaji wanane, kila mmoja na kasia moja, pamoja na mtu wa tisa anayeshika usukani. Zipo pia mashua za wanne, za wawili na za mmoja, na katika baadhi yake kila mpigaji hushika makasia mawili. Umbali uliozoeleka katika mashindano ya kimataifa ni mita 2,000, na njia za mashua hutenganishwa kwa maboya. Kuna michujo, nusu fainali na fainali, na walioshindwa katika mchujo wa kwanza huweza kupewa nafasi ya pili. Jambo moja tunamwomba msomaji alishike, maana tutalirudia: wapigaji huketi wakiwa wameelekeza migongo yao kule mashua inakokwenda. Mshika usukani ndiye anayetazama mbele. Katika mashua zisizo na mshika usukani, mpigaji hulazimika kugeuza shingo ili aone anakokwenda.

Afrika Mashariki haiko nje ya habari hii. Kathleen Noble, aliyeuanza mchezo huu akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton huko Marekani, aliiwakilisha Uganda katika mashua ya mmoja kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na tena kwenye Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024.

Kafi si kasia

Kiswahili hakikuja katika jambo hili mikono mitupu. Lugha ya mabaharia wetu ina maneno mawili ambayo kamusi huyatenganisha. Kasia ni refu, nalo hushikizwa kwenye ubavu wa chombo kwa kishwara, yaani kitanzi cha kamba, au kwa kileti, yaani uma wa chuma. Kafi ni fupi, halishikizwi popote. Hutegemea mikono mitupu ya mwenye kulipiga, naye huangalia mbele. Kwa lugha ya mwalimu wa fizikia, kasia ni wenzo ambao egemeo lake liko kwenye chombo, lakini egemeo la kafi ni mkono wa mpigaji mwenyewe.

Katika matumizi ya kila siku tofauti hiyo imefifia. Mashindano ya mitumbwi ya Kanda ya Ziwa, yaliyowakutanisha wanaume na wanawake huko Mwanza katika miaka ya 2000 na 2010, yaliandikwa magazetini kuwa ni mashindano ya kupiga kasia, ingawa waliokuwamo mitumbwini walishika makafi. Hatusemi kwamba waandishi walikosea. Neno kasia limekwisha kuimeza maana ya jirani yake, kama inavyotokea mara nyingi katika lugha iliyo hai, na msomaji wa habari zile hakupotezwa, kwa kuwa aliijua mitumbwi. Msomaji asidanganywe pia na sauti: Waganda husema nkasi, nao humaanisha kafi.

Lakini istilahi ina kazi tofauti na ya mazungumzo. Katika Olimpiki kuna michezo miwili mbalimbali, wa makasia na wa makafi, na kila mmoja una shirikisho lake la kimataifa, kanuni zake na nishani zake. Shirikisho la makasia liliundwa mwaka 1892. Mfasiri akiiita yote miwili kupiga makasia, ameufuta mchezo mmoja, na orodha ya washindi itakuwa na watu waliotoka katika mchezo ambao msomaji hana jina lake. Vivyo hivyo mwalimu atakayetangaza kwamba chuo kinatafuta vijana hodari wa kasia ataletewa vijana hodari wa kafi. Hao watafaa, kwa sababu wana kifua, pumzi na mazoea ya maji. Lakini itawabidi wajifunze upya kuketi kinyume na kusukuma kwa miguu, maana katika mashua ya mbio kikalio huteleza na nguvu kubwa hutoka mapajani. Ni heri wajue hivyo tangu siku ya kwanza.

Pendekezo letu, kwa hiyo, ni kurudisha mpaka wa zamani: mpigamakasia ni wa kasia, mpigakafi ni wa kafi. Hatuna haja ya kuunda neno lolote jipya hapo.

Nani ni nani katika mashua

Mtu wa tisa, yule anayeshika usukani na kutoa amri, amewasumbua wafasiri. Wengine humwita nahodha. Nahodha wa jahazi ni mwenye mamlaka yote juu ya chombo na watu wake; na katika mpira wa miguu jina hilo limekwisha kuwa la kiongozi wa timu. Klabu za makasia nazo zina kiongozi wa timu, ambaye mara nyingi ni mmoja wa wapigaji. Tukimwita mshika usukani nahodha, tutakuwa na manahodha wawili katika mashua moja, na wahenga walikwisha kutuonya kuhusu jambo hilo. Wengine wamependekeza rubani, neno ambalo zamani lilikuwa la majini hasa, lakini siku hizi limepanda ndege na halielekei kushuka. Tunaona inafaa kumwita mshika usukani, jina linaloeleza kazi na lisilogombaniwa na mtu.

Mpigaji aketiye karibu zaidi na tezi, ambaye wenzake wote hufuata mwendo wake, tunapendekeza aitwe kiongozi wa mapigo. Pigo ni mzunguko mmoja wa kasia: kuingia majini, kuvutwa, kutoka na kurudi. Kasi huhesabiwa kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Kwa mwanafunzi wa Shinyanga ambaye hajaona ziwa, mwalimu anaweza kuanza na bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma. Pale safu nzima huinua jembe kwa wakati mmoja na kulishusha kwa wakati mmoja, na anayechelewa huonekana mara moja. Akishaielewa safu ile, amekwisha kuelewa mashua ya wanane. Na kwa kuwa wapigamakasia hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwa mashine ya nchi kavu, mwanafunzi huyo anaweza kuanza akiwa Shinyanga mjini.

Kuhusu sehemu za chombo, lugha ya pwani inatosha: omo ni mbele, tezi ni nyuma, mkuku ni uti wa chini. Tunajua kwamba kwa watu wengi wa bara Omo ni sabuni ya unga. Hilo halidhuru. Mwanafunzi atacheka siku ya kwanza na kukumbuka siku zote.

Amri ya kusimama

Sasa tufike kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Mshika usukani hana budi kuwa na amri ya kuwataka wapigaji waache kuvuta mara moja, pengine kwa sababu kuna mtumbwi wa mvuvi mbele, au nyavu, au magugumaji. Mfasiri wa haraka ataandika: Simama! Barabarani neno hili halina taabu. Dereva huambiwa simama, naye husimamisha gari. Lakini katika Kiswahili kusimama ni kukoma kwenda, na pia ni kuinuka juu ya miguu. Mashua ya mbio ya mmoja ina upana wa sentimita 30 hivi inapogusa maji, na hata ile ya wanane ni nyembamba mno kuliko mtumbwi wa kuvulia. Mtu mmoja akiinuka ghafla, wote wamo majini. Mwanafunzi mgeni, aliyechoka, aliyepa mgongo hatari ambayo haioni, akisikia simama, hatuna haki ya kumlaumu akisimama.

Hapo ndipo tunapoona kanuni ambayo, kwa maoni yetu, inafaa kuzingatiwa katika kazi yote ya istilahi. Neno lenye maana mbili si baya kwa sababu ya kuwa na maana mbili. Wachimbaji wadogo wa Geita huliita shimo lao la dhahabu duara, na watoto wao hujifunza shuleni kwamba duara ni umbo la mviringo, wala hakuna aliyepata hasara. Neno mwalo, ambalo katika Kanda ya Ziwa ni mahali mitumbwi inapofikia na samaki kushushwa, Geita huwa pia ni mahali pa kuoshea na kuchenjulia dhahabu. Msikilizaji huangalia anayesema ni nani na wako wapi, kisha huchagua maana iliyo sahihi. Tendo hilo la kuchagua huhitaji muda. Anayesoma kanuni anao muda. Anayesikia amri katika upepo hana. Kwa hiyo utata unaovumilika katika maandishi hauvumiliki katika amri. Ziwa hili lilimeza watu wengi katika ajali ya MV Bukoba mwaka 1996 na ya MV Nyerere mwaka 2018. Ajali zile zilikuwa na sababu zake, ambazo si za lugha. Tunazitaja ili kukumbusha kwamba maji hayo si mahali pa kujaribia maneno.

Badala ya simama tumezipima amri nyingine. Koma! ni fupi na iko wazi, lakini masikioni mwa wengi ina ukali wa matusi, na mwanafunzi hapaswi kutukanwa kila apumzikapo. Acha! ina silabi mbili, husikika mbali, na haimwambii mtu ainuke. Baada yake hufuata amri ya kuyalaza mabapa ya makasia juu ya maji ili mashua itulie: Laza! Kwa kwenda mbele inafaa Vuta!, na kwa kurudi nyuma Sukuma!, kwa sababu ndivyo mikono inavyofanya kwenye mpini.

Tatizo la pili ni la pande. Wapigaji wakiwa wamegeuka nyuma, mkono wao wa kulia uko upande wa kushoto wa mshika usukani. Amri ya kusema kulia vuteni itawafanya nusu ya wageni wavute na nusu wasite. Mabaharia wa pwani wana joshini na demani, lakini maneno hayo hutegemea upepo unakotoka, na upepo ukigeuka pande nazo hugeuka. Hufaa tanga, hayafai kasia. Mabaharia wa dunia nzima wamekubaliana kwamba taa ya ubavu wa kushoto wa chombo, kwa anayetazama mbele, ni nyekundu, na ya ubavu wa kulia ni ya kijani. Klabu nyingi za makasia hutia rangi hizo kwenye vileti au kwenye makasia. Tunapendekeza tufuate njia hiyo: Nyekundu, vuta! Kijani, acha! Rangi haigeuki mtu ageukapo. Katika kanuni zilizoandikwa, yatosha kusema upande wa kulia wa mshika usukani.

Misemo isiyofasirika neno kwa neno

Mfasiri atakutana pia na misemo ambayo ikifuatwa neno kwa neno itawashangaza wasomaji. Waingereza husema mpigaji amekamata kaa, wakati bapa la kasia lake limeingia majini vibaya na maji yamelishika asiweze kulitoa. Msomaji wa Nkome ataona kwamba vijana waliacha mashindano wakavua. Tuseme kasia limenaswa. Husema pia kwamba mwanafunzi fulani amepata buluu, kwa maana kwamba ameuwakilisha Oxford au Cambridge katika mashindano yao, na amepewa haki ya kuvaa rangi ya chuo. Oxford huvaa buluu iliyokoza na Cambridge buluu ya kupauka. Hapo maelezo ni bora kuliko istilahi: amepewa heshima ya rangi ya chuo.

Mwaka 1877 waamuzi wa mto Thames waliamua kwamba mashua zote mbili zilifika pamoja. Mwandishi wa michezo ataandika walitoka sare. Sare ni neno zuri kwa mabao, yanayohesabika. Kwa mbio tunapendelea walifika sawia. Na kuna mashindano ya vyuo hivyo yanayofanyika katika mito myembamba isiyoruhusu mashua kwenda sambamba, ambapo mashua hupangwa katika msururu na kila moja hujaribu kuigusa iliyo mbele yake kabla haijaguswa na ya nyuma. Hizo tunaziita mbio za kufukuzana.

Istilahi zinazopendekezwa

Kwa muhtasari, tunaweka mbele ya wasomaji orodha hii fupi:

Mashua ya mbio: mashua nyembamba iliyoundwa kwa mashindano ya makasia, ya mmoja, ya wawili, ya wanne, ya wanane.
Kasia: kifaa kirefu cha kuendeshea chombo, kilichoshikizwa kwenye kileti au kishwara.
Kafi: kifaa kifupi cha kuendeshea mtumbwi, kisichoshikizwa.
Bapa: sehemu pana ya kasia inayoingia majini.
Mkono wa kileti: chuma kinachotokeza nje ya ubavu wa mashua na kubeba kileti.
Kikalio telezi: kiti kinachokwenda mbele na nyuma pamoja na mpigaji.
Mshika usukani: anayeongoza mashua na kutoa amri.
Nahodha: kiongozi wa timu ya klabu.
Kiongozi wa mapigo: mpigaji ambaye mwendo wake hufuatwa na wenzake.
Mchujo wa nafasi ya pili: mbio za walioshindwa katika mchujo wa kwanza.
Mwalo wa mashua: mahali pa kushushia na kupandishia mashua.
Amri: Vuta, Sukuma, Acha, Laza, Nyekundu, Kijani.

Msomaji ataona kwamba katika orodha hii maneno yaliyoundwa ni machache, nayo yameunganishwa kwa maneno ambayo tayari yanatumika. Mengine yalikuwapo pwani, mengine yako mialoni, na kazi yetu ilikuwa kuyakusanya na kuyawekea mipaka. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu wakati huo imethibitika mara nyingi kwamba istilahi iliyotungwa mezani bila kumuuliza mwenye kazi haina maisha marefu. Kwa hiyo tunawaomba walimu wa michezo, wavuvi, maofisa wa usafiri wa majini na wote waishio kandokando ya ziwa, kutoka Mwanza hadi Chato, watuletee maneno wanayotumia wao, hasa amri wanazopigiana wakati mawimbi yanapochafuka. Amri iliyokwisha kuokoa watu kumi ina haki ya kuingia katika kamusi kabla ya hii tuliyoipendekeza sisi.